Chungu cha Kumi na Moja

"Chako usikisifu, cha mwenzio usikinyamazie."

Ndivyo alivyowaambia katibu asubuhi hii alipowakabidhi barua ya kukiwakilisha chama chetu kwenye maonyesho ya Dodoma, na nyinyi mkapokea barua kwa mikono miwili na methali kwa sikio moja. Niliwaona. Lugano alikunja uso, na wewe Syabumi ukanifuata mlangoni ukaniuliza, "Bibi, mtu asiyekisifu kitu chake atakiuzaje?" Umeuliza vizuri. Wekeni hizo simu chini, kila mmoja ashike bonge la udongo atoe vijiwe, maana asiye na kazi mkononi husikiliza vibaya, nami niwaambie methali hii ilivyoanza.

Wakati ule hatukuwa na jengo hili. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja chini ya banda la nyasi lililovuja pande tatu, na jina letu, Chama cha Wafinyanzi wa Lusyeto, lilikuwa refu kuliko banda lenyewe. Udongo tulichimba bonde la Nsoso kama mnavyochimba leo. Bonde lile lilikuwa mali ya kijiji, na mwaka ule vijana wa matofali walikuwa wamekwisha kuandika barua ya kuliomba.

Vijana wale hawakuwa wabaya. Kijiji kilikuwa kinajengwa, matofali yalitakiwa, na sufuria zilikuwa zimeingia kila jiko hata vyungu vyetu vikawa vya kukingia maji ya mvua. Mzee Gwakisa, mwenyekiti wa kijiji, alituita akatuambia bila kuzungukazunguka.

"Akina mama, bonde haliwezi kukaa kwa heshima tu. Matofali yana watu wanaoyataka. Nyinyi nileteeni barua za watu watatu wa nje wanaovitaka vyungu vyenu, kabla ya mvua za kwanza. Mkizileta, bonde ni lenu. Msipozileta, mtanisamehe."

Usicheke, Lugano. Leo barua tatu unazipata kabla ya chai. Sisi hatukumjua mtu hata mmoja aliyekaa mbali kuliko soko la Jumamosi. Na bila Nsoso hakuna chungu, kwa sababu udongo wa kwingine huku una mchanga, ukiuonyesha moto unapasuka. Tungepoteza bonde, tungepoteza kazi ya mikono ya mama zetu na bibi zetu, na nyinyi leo msingekuwa na chama cha kukiwakilisha.

Sasa kuna jambo lazima mlijue, maana hapo ndipo hadithi inapogeukia. Kwetu mfinyanzi hakisifu chungu chake. Wakubwa walisema moto una masikio: ukijisifu, chungu kitapasuka, kama si leo tanuruni basi kesho kwenye mafiga. Ukiulizwa kama kizuri, jibu lako ni moja: "Ni udongo tu." Hata kukitoa motoni mwenyewe ni mwiko. Jirani yako ndiye anayekitoa, anakifuta majivu, anakigonga kwa konzi, anakisikiliza kinavyolia, halafu anasema mbele ya wote alichokiona. Shingo imekaa. Kitako kizito kidogo. Mdomo umenyooka. Akiona ufa anausema pia. Kwa hiyo kila mmoja wetu aliujua mkono wa mwenzake kuliko alivyoujua wake.

Afisa Maendeleo ya Jamii alikuwa kijana mwembamba mwenye haraka, Ulimboka, na ndiye aliyetuletea habari. Kulikuwa na mkutano Mbeya, wa siku moja, wa wenye hoteli, wenye migahawa na wanaopokea wageni. Alikuwa ametuombea nafasi ya mtu mmoja: meza ya kuweka vyungu, na dakika tano za kusema ukumbini.

Tukamchagua Tusekile. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, amemaliza darasa la saba, mwandiko wake ulisomeka, na Kiswahili chake hakikuchechemea. Lakini hakuwa msemaji. Alikuwa wa wale watu ambao ukikaa nao kutwa nzima, jioni unakumbuka kazi waliyoifanya, hukumbuki neno. Alipoambiwa ndiye, alisimamisha mikono juu ya chungu alichokuwa akikisugua.

"Mimi nisimame mbele ya watu wa hoteli? Nitawaambia nini?"

Bibi Andongwisye, mkubwa wetu sote, akamjibu. "Hatukutumi ukaimbe, mwanangu. Weka vyungu mezani. Chema chajiuza."

Na sisi wote tukamalizia kwa pamoja kwamba kibaya chajitembeza, tukaona mambo yamekwisha. Tulikosea, wajukuu zangu. Chema chajiuza kweli, lakini kwa mtu anayekijua. Kwa asiyekijua, chema na kibaya vyote vimekaa kimya mezani.

Kila mwanamke alitoa chungu kimoja, kile alichoambiwa na wenzake kuwa ndicho. Vyungu kumi na kimoja, ndani ya matenga mawili, vimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Tusekile aliviweka miguuni mwake ndani ya basi na hakushuka hata basi liliposimama Tukuyu watu wakanunua ndizi. Kufika Mbeya hakuna kilichopata hata mkwaruzo. Hilo nalisema kwa sababu wengine hapa mwezi uliopita mmevunja mitungi miwili kutoka banda la moto hadi stoo.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, wenye sakafu inayong'aa hata Tusekile akatamani kuvua viatu. Meza zilipangwa kuzunguka kuta. Chungu chetu kina kitako cha duara, hakikai kwenye meza bapa, kwa hiyo alisokota yale majani ya mgomba akatengeneza ngata kumi na moja, akaketisha kila chungu juu ya ngata yake. Akasimama nyuma ya meza, mikono imefumbatwa, akasubiri chema kijiuze.

Meza ya jirani alikuwa fundi wa majiko, mtu wa Tabora aitwaye Fundikira. Huyo hakusubiri. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa akijipigia debe kwa sauti ya kumfikia mtu aliye barabarani: jiko lake halina mfano, mkaa kidogo, moto mwingi, yeye mwenyewe ni fundi ambaye mafundi wengine huja kumwibia mbinu. Watu walisimama, wakacheka, wakachukua karatasi zake, wakapita.

Wakapita na mezani kwa Tusekile. Bwana mmoja wa suti ya kijivu akashika chungu, akakigeuzageuza.

"Hivi ni vizuri, dada?"

"Ni udongo tu."

"Vinadumu?"

"Wenyewe tunavitumia."

Yule bwana akasubiri neno la tatu. Halikuja. Akakirudisha chungu juu ya ngata, akaenda zake. Akaja mama mmoja wa mgahawa, akauliza kama wamevitengeneza wenyewe, akajibiwa kuwa wamejaribu. Wakaja wasichana wawili wa hoteli fulani, wakauliza kuna tofauti gani kati ya chungu hiki na hiki. Tusekile alizijua tofauti hizo, angeweza kuzieleza mpaka jua lizame. Lakini ulimi ulikataa. Alisema, "Ukubwa."

Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba kila aliyeondoka pale alimwona kama anaondoka na kipande cha Nsoso mfukoni. Alikuwa anaona bonde linakwenda mbele ya macho yake, na hakujua alizuie kwa neno gani.

Kabla ya chai ya alasiri Ulimboka alimjia akiwa amekunja daftari mkononi.

"Dada Tusekile, nimekusikia kutoka kule. Mtu anakuuliza, unamwambia ni udongo tu. Umekuja kukiuza chama au kukizika?"

"Ndivyo tunavyosema kwetu."

"Kwenu wanajua maana yake. Hawa hapa wanaamini unachowaambia. Ukisema ni udongo tu, wanaona ni udongo tu." Akashusha pumzi. "Hebu msikilize jirani yako. Sema kidogo tu kama yeye."

Tusekile akapiga moyo konde. Mtu wa kwanza aliyefuata alimwambia, "Vyungu hivi ndivyo bora kuliko vyote nchini." Maneno yakamtoka kama ya mtu anayesoma tangazo, uso ukamwaka, na mkono wenyewe ukaenda kukigusa chungu chake kuhakikisha hakijapasuka. Yule mtu akatabasamu kwa adabu, akapita. Tusekile akajiambia basi, imekwisha, atarudi Lusyeto na matenga yake, atasimama mbele ya wanawake kumi waliomwamini, na hatakuwa na la kusema huko pia.

Watu walipokwenda kunywa chai, yeye alibaki. Akaja mama mmoja mnene, ametulia, kikombe mkononi. Huyo ni Mama Sikudhani, mwenye nyumba ya wageni na mgahawa huko barabara ya Tunduma. Hakuuliza kama vyungu ni vizuri. Aliinama tu, akachagua kimoja chenye mdomo mpana.

"Hiki umekifinyanga wewe?"

"Hapana," Tusekile akasema. "Hicho ni cha Mama Bupe."

"Mama Bupe ndiye nani?"

Hapo, wajukuu zangu, ndipo palipofunguka. Tusekile alitaka kujibu kwa neno moja kama kawaida yake, lakini Mama Bupe hasemeki kwa neno moja. Na papo hapo akaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yake tangu asubuhi. Chungu kile hakikuwa chake. Mwiko haukumkataza kusema juu yake hata chembe. Kwetu, kwenye moto, angekuwa amekwisha kukigonga na kukisema mbele ya wote. Juu ya meza ile, vyungu kumi havikuwa vyake, na kutwa nzima alikuwa amevinyamazia.

Akakichukua mikononi mwa yule mama, akakigonga kwa konzi. Kikalia.

"Unasikia? Sauti inakwenda mbali kabla ya kufa. Hakina hewa ndani ya ukuta. Mama Bupe anaukanda udongo siku mbili, sisi wengine siku moja. Ana watoto saba na mama mkwe asiyeona, na bado ni siku mbili. Tazama mdomo wake, kauacha mnene upande huu. Anasema mpishi akikoroga maharage huegemeza mwiko hapa, pakiwa pembamba panamegeka. Hakuna aliyemfundisha. Aliwatazama wanaopika."

Mama Sikudhani akaweka kikombe cha chai mezani. "Na hiki?"

"Hicho ni cha Bibi Andongwisye. Ana miaka sabini na tano. Maji ukiyaweka humo mchana wa jua kali, utadhani yametoka kisimani sasa hivi. Anajua kiasi cha kuchoma ili ukuta utoe jasho bila kuvuja. Mimi nimejaribu miaka tisa, sijaupata."

"Na hiki chenye mistari?"

Akamwambia na hicho. Cha nne pia akamwambia. Cha tano nakiruka, na mnajua kwa nini, ingawa Ulimboka alituambia alikieleza kwa urefu. Watu waliokuwa wakirudi kutoka kwenye chai wakaanza kusimama. Bwana wa suti ya kijivu akarudi. Wale wasichana wa hoteli wakarudi. Na Tusekile, mtu wetu wa maneno machache, alikuwa anaongea kama aliyefunguliwa kamba, kwa sababu hakuwa anatafuta maneno. Maneno yale alikuwa ameyasema kwenye moto tangu akiwa msichana.

Mama Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama mfanyabiashara. "Vyungu nimevipenda. Lakini vina kitako cha duara, dada yangu. Mimi sipikii mafiga. Kwangu vitakaa wapi?"

Kila mtu akamtazama Tusekile. Angeweza kutetea kitako cha duara. Badala yake akageuka kwa jirani. Tangu asubuhi, kwa kukosa wateja, alikuwa ameangalia majiko ya Fundikira kwa jicho la mtu wa moto, na aliona jambo ambalo Fundikira mwenyewe, kwa kujisifu kwingi, hakuwahi kulitaja.

"Njoo utazame jiko la huyu kaka," akasema. "Ameliwekea meno matatu yanayoinuka, yameinamia ndani. Sufuria haihitaji meno ya namna hiyo. Huyu ametengeneza jiko linalokipokea chungu, sijui kama alikusudia. Na limesuguliwa vizuri, pitisha kidole, halikukwaruzi." Akachukua chungu cha Mama Bupe, akakiketisha juu ya jiko. Kikakaa kama kilizaliwa pale.

Fundikira akaweka chini karatasi zake. Siku nzima alikuwa amejisifu mwenyewe, na hakuna aliyemwagiza jiko. Mtu mwingine amemsifu kwa maneno matano, na Mama Sikudhani tayari anauliza majiko hayo yanapatikana wapi.

"Dada," Fundikira akasema, kwa sauti ndogo mara ya kwanza siku hiyo, "umetokea wapi wewe?"

"Lusyeto."

"Lusyeto," akarudia, na kuanzia hapo akawa analitaja jina hilo kwa kila mtu aliyekuja mezani kwake, kwa sauti yake ile ya kufika barabarani.

Tusekile akatoa daftari. Hakugawa karatasi, hatukuwa nazo. Kila aliyesimama alimuuliza jina, na mahali, na nani anapika kwake, na anapika nini, akaandika. Kwa wa maharage alimwonyesha mkono wa Mama Bupe. Kwa wa maji ya kunywa wageni, mkono wa Bibi Andongwisye. Bwana mmoja alitaka vikaango, na sisi kwa vikaango si hodari, akamwelekeza kwa kundi la akina mama wa bonde lingine ambao hata si wanachama wetu. Ulimboka alishika kichwa. Lakini huyo wa vikaango aliandika jina la Tusekile kwanza, kabla ya la hao akina mama, akasema mtu anayekuambia ukweli kwa hasara yake ni wa kuweka karibu.

Zamu ya kusema ukumbini ikafika. Mwendesha mkutano alikuwa mama wa miwani aliyehesabu dakika kwa ukali. Tusekile akapanda jukwaani.

"Shikamooni wakubwa zangu. Mimi naitwa Tusekile. Nimetumwa na Chama cha Wafinyanzi wa Lusyeto, wanawake kumi na mmoja. Sikuja kuwaambia habari zangu. Nimekuja kuwaambia habari za walionituma."

Akawataja. Mmoja baada ya mwingine, jina na mkono wake. Nani anakanda, nani anachoma, nani mistari yake ni ya bibi yake, nani alijifunza akiwa na miaka hamsini baada ya kufiwa na mume na leo shingo zake za mitungi hazina mfano. Watu walikuwa wamezoea kusikia siku nzima "kampuni yetu inaongoza". Hawakuwa wamesikia watu.

Alipomaliza, mama wa miwani akainua kalamu. "Dada, umesema mko kumi na mmoja. Mimi nimehesabu kumi."

"Ndiyo, mama."

"Wa kumi na moja ni nani?"

Tusekile akainamisha macho. "Wa kumi na moja ndiye aliyetumwa."

"Na chungu chake?"

"Kipo mezani. Ni udongo tu."

Watu wakacheka, kicheko kizuri, cha watu waliokwisha kumwelewa. Kabla hakijaisha, Fundikira alikuwa amekwisha kwenda mezani, amebeba chungu cha kumi na moja, anakuja nacho kati ya viti huku mama wa miwani akimwambia si zamu yake. Hakujali. Akasimama katikati ya ukumbi, akakigonga kwa konzi kama alivyomwona Tusekile akifanya, kikalia, akasubiri sauti imalizike.

"Mimi nimesema sana leo," akasema, "na nimesema habari zangu tu. Sasa nisikilizeni mara moja nikisema ya mwenzangu. Chungu hiki ni chepesi kuliko vyote kumi, na nimekaa meza ya jirani nikikitazama tangu asubuhi: ukuta wake ni mwembamba sawasawa kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Mimi ni mtu wa chuma na udongo, najua ugumu wa hilo. Dada huyu hataki kuwaambia. Nawaambia mimi."

Tusekile alilia pale jukwaani. Aliniambia hakulia kwa huzuni wala kwa aibu. Miaka yote alisikia mkono wake ukisifiwa na watu kumi walewale, aliowapenda, na hakujua kama maneno yao yana uzito nje ya banda letu. Siku ile alijua.

Aliporudi alituambia machache sana, mnamjua sasa. Alisema ameomba kila mtu, akipenda, aandike barua kwa mwenyekiti wa kijiji na aseme anataka chungu gani. Tukasubiri. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili vijana wa matofali wakaenda kupima bonde kwa kamba, na tukawaona kutoka bandani. Wiki ya tatu mkutano wa kijiji ukaitishwa.

Mzee Gwakisa alikuja na bahasha mkononi. Akavaa miwani. Alikuwa mtu wa haki, hilo halipingiki, na alisoma zote kwa sauti, kutoka neno la kwanza hadi sahihi. Barua hazikuwa tatu. Zilikuwa saba.

Lakini si hesabu iliyotufanya tushikane mikono. Barua ya Mama Sikudhani ilisema: "Naomba vyungu sita vya maharage, vya mkono wa Mama Bupe." Nyingine ikasema: "Mitungi minne ya Bibi Andongwisye, kama afya yake inaruhusu, na nampa shikamoo." Gwakisa alisoma majina yetu. Majina ya wanawake wa Lusyeto, ambao hata kwenye vitabu vya kijiji tuliandikwa kama wake wa fulani, yalikuwa yametoka Mbeya, yametoka Tunduma, yameandikwa kwa kalamu ya watu ambao hatujawahi kuwaona. Mimi nilizaliwa hapa na nitazikwa hapa, na siku ile nilisikia jina langu likitoka mahali ambapo mguu wangu haujafika. Nilikaa nimenyooka kama bibi harusi.

Gwakisa akavua miwani. "Tusekile, simama. Uliwaambia nini watu hawa?"

Tusekile akasimama, akatazama vidole vyake. "Si mengi, mwenyekiti. Nilikuwa pale tu."

Vijana wa matofali wakatazamana, na mmoja wao akanong'ona kwamba kumbe ni bahati tu. Hapo Bibi Andongwisye akajiinua kwa fimbo yake, polepole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Mwenyekiti, usimuulize huyo. Kwetu mtu hajisifu, na huyu amelelewa akaleleka. Alikaa kutwa nzima na aibu ya kwetu na akapata njia ya kutusemea bila kuivunja. Alibeba majina kumi akayafikisha yote, hakuliangusha hata moja, wala hakulipandisha lake juu ya yetu. Nimefinyanga miaka sitini. Sijawahi kutuma mtu akanirudishia nilichomtuma na zaidi. Yeye hawezi kuyasema hayo, na mimi siwezi kuyanyamazia."

Kisha akasimama Mama Bupe, akasema lake. Akasimama wa tatu. Tulisimama wote kumi, mmoja mmoja, kama kwenye moto, na Tusekile katikati yetu ameinamisha kichwa. Kijana aliyenong'ona, baada ya wa saba, akavua kofia.

"Inatosha," Gwakisa akasema, akizirudisha barua kwenye bahasha. "Bonde la Nsoso ni la wafinyanzi."

Mtendaji wa kijiji, aliyekuwa akiandika muhtasari, akainua uso. Alikuwa mtu wa taratibu, kila uamuzi lazima uwe na sababu yake kwenye kitabu. "Mwenyekiti, sababu niandike nini? Barua saba?"

Gwakisa akamtazama Bibi Andongwisye, naye bado amesimama, amekamata bega la Tusekile.

"Barua ziandike pembeni," bibi akasema. "Kwenye sababu, andika hivi. Chako usikisifu, cha mwenzio usikinyamazie."